Mashua Haifi kwa Uzee

Taifa letu linapenda sana kuzindua. Tunazindua shule, visima, zahanati, vivuko na hata vyoo. Utepe hukatwa, ngoma hupigwa, mgeni rasmi huhutubia mpaka watoto wa shule waanze kuanguka kwa jua, na jina lake hubaki ukutani katika bamba la marumaru. Nimehudhuria sherehe za namna hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini. Lakini sijapata kualikwa hata mara moja katika sherehe ya kuziba paa linalovuja, au ya kutia girisi bawaba za mlango, au ya kung'oa ubao mmoja uliooza na kutia mwingine mahali pake. Kazi hizo kwetu hazina mgeni rasmi. Ndiyo maana pampu ya kisima hufa wakati maandishi ya mgeni rasmi bado yanang'aa.

Watu wanaotunza vitu hawana mtetezi, nami nataka kuwatetea kwa kutumia mfano wa mke na mume wa Pangani na mashua yao kuukuu. Wamechekwa sana, na wengi waliowacheka ni watu waliokaa darasani miaka mingi. Kicheko hicho ndicho ninachotaka kukijibu.

Mashua yenyewe ilikuwa ya baba wa yule mama. Marehemu alikuwa nahodha, akipita Kipumbwi na Mkwaja na kuvuka hadi Mkokotoni kwa nazi, mkaa na samaki wakavu. Alipofariki, watoto wa kiume walichukua minazi na nyumba, na dada yao akapewa mashua iliyokuwa imelala ubavu ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, kwa miaka minne. "Dada, hizo ni kuni za mwaka mzima," kaka mmoja alimwambia, na watu wakacheka. Katika karatasi za mirathi hesabu ilikuwa sawasawa, maana mashua iliandikwa kwa thamani ya mashua, si kwa thamani ya kuni. Mume wake ni fundi cherehani, mtu wa milimani huko Lushoto, ambaye hadi siku hiyo bahari aliijua kwa kuitazama tu.

Ushauri waliupata mwingi, maana ushauri haulipiwi. Mmoja aliwaambia waichome waokote misumari wauze chuma chakavu. Mwingine, ofisa mwenye shahada, aliwaeleza kwa upole kwamba zama za mashua za mbao zimekwisha, waunde kikundi, waandike katiba, wasubiri mkopo wa boti ya faiba. Nilimwuliza ofisa huyo kama ameiona mashua. Akasema hana haja ya kuiona, imeoza.

Neno hilo "imeoza" ndilo linalonikera. Linasemwa juu ya mashua, juu ya daraja, juu ya jengo la shule, na likishasemwa hakuna anayeuliza swali la pili. Mke na mume hao waliuliza swali la pili. Walimwendea fundi mmoja mzee, mtu asiyejua kusoma zaidi ya msahafu, akavuka nao kwa mtumbwi. Alichukua msumari mrefu na kipande cha chaki, akaanza kudunga ubao mmoja baada ya mwingine, kutoka omo hadi tezi. Msumari ulipogonga ukarudi, aliuacha ubao huo. Ulipozama, alitia alama. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima, na alipomaliza hakusema kwamba mashua imeoza. Alisema mbao saba, mataruma manne, na kichwa cha usukani. Mkuku, ambao ni wa mbambakofi, ulikuwa mzima kama siku ulipochongwa.

Basi msomaji na aamue mwenyewe nani hapo alikuwa msomi. Ofisa alitoa hukumu moja juu ya kitu kizima bila kukitazama. Mzee alikigawa kitu hicho katika sehemu zake, akaipima kila sehemu, akahesabu. Katika chuo cha ualimu njia ya kwanza huitwa kubahatisha, na ya pili huitwa uchambuzi.

Chombo cha mbao si kitu kimoja. Ni mbao nyingi zilizopigiliwa juu ya mataruma, na kila ubao una umri wake na ugonjwa wake. Ugonjwa mmoja huanzia kwenye msumari. Chuma kikikaa katika maji ya chumvi hushika kutu, na kutu hiyo huugeuza mti ulioizunguka kuwa mweusi na laini, hata msumari ukabaki umesimama katika tundu lililo kubwa kuliko wenyewe. Ndiyo maana fundi mzuri hutoboa kwanza kwa keke, kisha huuzungushia msumari pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake kabla ya kuupigilia, ili maji yasipate njia. Ugonjwa wa pili ni mdudu. Wengi humdhania kuwa funza, lakini wataalamu wa viumbe humwita teredo na kumweka katika jamaa moja na chaza na kombe. Huingia katika ubao akiwa mdogo kiasi kwamba tundu lake ni kama la sindano, kisha hukua humo ndani akichimba kwa magamba yake mawili, na kwa nje ubao huonekana mzima kabisa. Christopher Columbus, pamoja na sifa zote anazopewa katika vitabu vya historia, mwaka 1503 alilazimika kupandisha ufukoni Jamaica vyombo vyake viwili vya mwisho vilivyotobolewa na wadudu hao, akakwama huko karibu mwaka mzima. Na mhandisi Marc Brunel, aliyechimba njia chini ya mto Thames huko London iliyofunguliwa mwaka 1843, wazo la mtambo wake wa kuchimbia alilipata kwa kumchunguza mdudu huyuhuyu. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba ufukoni hakuna sayansi.

Dawa ya mdudu, pwani yetu inayo tangu zamani. Chombo hupandishwa, huchomwa chini kwa moto wa makuti, hukwanguliwa, kisha hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Harufu yake siwezi kuisifu. Lakini deheni haidumu. Baada ya wiki kadhaa huanza kubanduka, na ukichelewa mdudu hakusubiri. Hapo ndipo mashua nyingi hufa. Si kwamba wenyewe hawaijui dawa. Wanaijua sana, ila hawataki kurudia leo kazi waliyoifanya miezi miwili iliyopita. Mashua ya marehemu nahodha ilidumu miaka zaidi ya thelathini mikononi mwake, ikaharibika katika miaka minne ya kutokuwa na mtu. Sasa uzee hapo umehusika vipi?

Jinsi walivyojifunza ndiyo sehemu ninayotamani kila mwalimu aisikie. Yule mzee hakuwahutubia. Ubao wa kwanza alitia yeye nao wakatazama. Wa pili walishika yeye akaelekeza. Wa tatu alikaa kivulini akafumba macho, wakadhani amelala, kumbe anasikiliza nyundo. Mume, kwa kuwa mikono yake imezoea kitambaa, aliachiwa tanga, akalifumua lote na kulishona upya. Kalafati ikaangukia kwa mke.

Kalafati ni kazi ya kuziba nyufa kati ya ubao na ubao kwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa katika mafuta. Hushindiliwa kwa nyundo ya mti na chembeu, ile patasi butu. Anayetazama kwa mbali huiona kazi ya kipuuzi, kugonga tu kutwa nzima. Kumbe ina vipimo vyake. Ukishindilia kidogo, maji yataingia. Ukishindilia kupita kiasi wakati mbao zimekauka kwa jua, chombo kikirudi majini mbao zitavimba, zikose pa kwenda, na kitakachotoa ni msumari au taruma. Mwenye kazi lazima akisie leo, mbao zikiwa kavu, zitakavyokuwa wiki ijayo zikiwa zimelowa. Mzee alimpa mama yule kipimo kimoja tu: "Mwanangu, sikiliza. Mwanzo mlio ni mzito, kama unapiga gunia. Ukisikia umebadilika, umekuwa kama unapiga mti mtupu, acha hapohapo, songa mbele." Alikaa miezi kabla sikio lake halijakubali. Sasa hukosea mara chache, na mzee haendi tena kumkagua.

Wana daftari. Hilo halikutoka kwa mzee, lilitoka kwao, na mimi nalithamini kuliko vitabu vingi. Humo wameandika tarehe ya kila ubao uliotiwa, aina ya mti, misumari mingapi, siku ya deheni, na kila asubuhi idadi ya ndoo za maji walizokumba kutoka ngamani. Siku mashua iliporudi majini walikumba ndoo 43, na majirani wakasimama ukingoni kushuhudia mazishi. Mzee akawaambia wasiguse kitu, waache mbao zinywe maji. Siku ya nne zilikuwa ndoo 17. Siku ya kumi zilikuwa 6, na zikabaki hapo. Nimewahi kusoma ripoti za miradi zenye kurasa mia ambazo hazikuniambia ukweli kama safu ile ya tarakimu.

Na bahari nayo huwafundisha hesabu isiyosamehe. Chombo cha ukubwa ule hupandishwa wakati wa maji ya bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa kuwa ndipo maji hupanda juu kabisa na kushuka chini kabisa. Maji yakishuka una saa chache tu za kufanya kazi chini ya mkuku kabla hayajarudi. Kesho yatachelewa kwa dakika 50 hivi, na keshokutwa tena hivyo, na siku chache zikipita maji huwa mafu, hayafiki tena pale chombo kilipo. Asiyepiga hesabu hupwelewa na chombo chake mpaka bamvua nyingine. Nimewajua vijana waliopata alama za juu katika hisabati ambao hawajui mwezi wa leo ni wa ngapi.

Sasa niwajibu wanaosema mwanamke hana kazi katika chombo. Maneno haya yamesemwa Pangani kwa sauti kubwa, tena na watu wanaojiita walinzi wa mila. Wengine walidai kwamba mkono wa mwanamke hutia chombo nuksi. Mila ipi hiyo? Chombo mashuhuri kuliko vyote vya pwani hii ni mtepe, ambao haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Makumbi hayo nani huyafukia katika tope la ufukoni, akayaacha yakaoza, akayafukua, akayaponda na kuyasokota kuwa kamba? Na mikeka katika mwambao wetu husukwa na nani? Mgiriki mmoja aliyeandika habari za bahari hii zaidi ya miaka 1,900 iliyopita alitaja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu, na bandari aliyoiita Rhapta ilipata jina kwa sababu ya kushonwa huko. Ikiwa mkono wa mwanamke ni nuksi kwa chombo, basi pwani hii imesafiri juu ya nuksi kwa karne nyingi, na imefika salama. Wanaotetea mila kwanza waijue.

Wapo wapinzani wenye hoja nzito zaidi, nami sitawapita. Wanasema mbao ngumu zimeadimika na misitu inakwisha. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi, maana mbao saba ni pungufu kuliko mashua nzima, na anayeacha chombo kioze ili achonge kingine ndiye anayemaliza mbambakofi. Wanasema boti ya faiba haina mdudu. Hilo pia ni kweli, na wala sisemi watu waitupe faiba. Lakini faiba nayo hupasuka ikigonga mwamba, na dawa ya kuigandisha hutoka dukani mjini kwa fedha taslimu, na fundi wake ni wa kutafutwa. Nimeona boti za namna hiyo zimelala ufukoni na tundu lisilozidi kiganja, zikigeuzwa vitanda vya kuku. Boti mpya kwa mtu asiyejua kutunza ni mkopo juu ya kitu kitakachokufa kabla ya deni.

Kisha kuna hoja ya usalama, na hiyo haifai kuchezewa, maana watu hufa. Chombo kibovu ni jeneza, na asiyeweza kukitengeneza asikipandie. Lakini tusidanganyane kwamba upya na chuma ndivyo viokoavyo. MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 haikuwa ya mbao, wala MV Spice Islander iliyozama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011. Zote mbili zilikuwa zimejazwa watu kupita kiasi. Na kinyume chake tunayo Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiwa na jina jingine, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini girisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, ikaendelea kubeba abiria wa Ziwa Tanganyika hadi karne hii. Watu hao walikuwa wanashindwa vita, adui yuko karibu, na chombo kinakwenda chini ya maji. Hata hivyo walitenga muda wa kupaka girisi. Sisi wa wakati wa amani tunasema hatuna bajeti.

Nitaulizwa, mwalimu mstaafu ana kazi gani na mambo ya mashua. Nina kazi nayo kubwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule isimtenge mtoto na kazi ya jamii yake. Katika shule nyingi wazo hilo liligeuzwa kuwa jembe, na jembe likageuzwa kuwa adhabu: aliyechelewa akalime, aliyepiga kelele akalime. Mtoto akahitimu akiwa amejifunza jambo moja bila kukosea, kwamba kazi ya mikono ni ya wakosaji. Matunda yake ni ofisa yule ambaye hakuvuka mto kuitazama mashua. Sasa tunayo sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, na tangu 2024 mkondo wa amali umeanza katika shule za sekondari. Nimefurahi, na sisemi kwa kejeli. Lakini nauliza amali hiyo itafundishwa wapi na nani. Kama ni kununua mashine mpya, kuzizindua, na kuzifungia katika karakana mpaka fundi wa kuzitengeneza apatikane kutoka mbali, basi tumebadili jina tu.

Katika kikao kimoja cha elimu, mahali ambapo sitapataja, nilipendekeza wanafunzi wa mkondo huo wapelekwe ufukoni wakae na yule mzee siku mbili kwa wiki. Mkuu wa kikao aliniuliza mzee huyo ana cheti gani. Watu wakacheka, kicheko kilekile. Nikamjibu kwamba VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza ufundi nje ya darasa na kumpa cheti, basi waje wampime, na mtihani uko palepale Bweni, unaelea. Kikao kikaahirishwa kwa chakula. Sijaletewa jibu mpaka leo, na mzee hapungui umri kwa kusubiri kikao.

Mashua inafanya kazi. Imekwenda Mkwaja na kurudi mara nyingi, na abiria haichukui, mizigo tu, kwa amri ya mwenye chombo, yaani yule mama. Kaka zake wameanza kuulizia kama mirathi inaweza kufunguliwa upya. Mume amejifunza kuogelea, si vizuri sana. Mara ya mwisho nilipofika walikuwa wakinionyesha ubao wa tatu kutoka mkukuni, upande wa kushoto, ulioanza kuwa mweusi kuzunguka misumari miwili. "Huu bado unavumilia, Mwalimu," mama aliniambia, akauzungushia chaki. Katika daftari umekwisha andikwa: utatolewa bamvua ya kwanza baada ya kusi kutulia, na ubao wa kuziba mahali pake umelazwa chini ya kitanda tangu mwezi uliopita, unakauka.